Ambreyaje na Klachi: Historia ya Chombo cha Kushika na Kuachia Nguvu

1. Utangulizi

Katika karakana za Likasi, mji wa madini ulioko takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, chombo kinachounganisha injini na sanduku la gia huitwa ambreyaje. Nairobi na Dar es Salaam chombo hicho hicho huitwa klachi. Makala haya yanachunguza historia ya chombo hicho pamoja na majina yake, kwa nia ya kujibu swali linalomkabili fundi kila mara gari la kawaida la barabarani linapoongezewa nguvu: ni klachi ipi inayolifaa? Hoja inayotetewa ni kwamba klachi bora si ile inayoshika kwa nguvu kuliko zote, bali ile inayoshika kiasi cha kazi iliyopo na kuachia kabla ya kitu cha thamani zaidi kuvunjika.

2. Majina mawili

Reli iliyotoka kusini ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na Kambove mwaka 1913. Katika miaka hiyo ya mwanzo Kiingereza kilisikika sana katika migodi ya Katanga, kwa kuwa mtaji, wahandisi na makaa ya mawe vilipitia Rhodesia. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza utawala wa Kibelgiji ulikuza Kiswahili kama lugha ya wafanyakazi, na Kifaransa kikabaki lugha ya ofisi na ya elimu ya ufundi. Likasi, ambayo toka 1931 hadi 1966 iliitwa Jadotville, ilikulia katika mgawanyo huo. Ndiyo maana msamiati wa gari mjini humo umetoka Kifaransa, ilhali ule wa pwani na Nairobi umetoka Kiingereza.

Asili za maneno hayo mawili zinastahili kutazamwa. Neno la Kifaransa limejengwa juu ya braie, jina la kipande cha mti katika kinu cha upepo. Wazo lake ni kuunganisha mtambo na nguvu inayouendesha. Neno la Kiingereza lina wazo la kukamata na kung'ang'ania. La kwanza linataja muungano, la pili linataja mshiko. Haifai kudai kwamba neno humtawala fundi. Hata hivyo, hakuna jina kati ya hayo mawili linalotaja kuachia, na kuachia ni nusu ya kazi yenyewe.

3. Kutoka ngozi hadi shaba

Klachi nyingi za magari ya mwanzo zilikuwa na umbo la pia: pia moja ilisukumwa ndani ya nyingine, na kati yao paliwekwa ngozi. Ngozi iliungua ilipoteleza sana, na ilinasa ghafla ilipokauka. Mwaka 1897 Herbert Frood alianza nchini Uingereza kazi ya kutengeneza vitu vya msuguano, ambayo ilizaa kampuni ya Ferodo. Jina hilo lilienea kiasi kwamba katika Kifaransa lilikuja kutumika kama jina la kawaida la kitu kinachobandikwa ili kusugua.

Katika karne ya 20 asbesto ilishika nafasi ya ngozi, kwa kuwa ilistahimili joto. Gharama yake ilionekana baadaye: vumbi lake husababisha saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Ubelgiji iliipiga marufuku mwaka 1998, na marufuku ya Umoja wa Ulaya ilikamilika mwaka 2005. Fundi anayefungua gari la zamani na kupuliza vumbi la klachi kwa hewa ya kompresa bado anakabiliwa na hatari hiyo.

Kwa kazi nzito zaidi zilibuniwa sahani zenye vipande vya unga wa madini, hasa shaba, uliogandamizwa na kuokwa mpaka ukashikana. Hapa historia ya chombo inakutana na historia ya Likasi. Katika mtambo wa Shituru, shaba imekuwa ikisafishwa kwa umeme tangu 1929 na kutolewa kama sahani za kathodi. Madini ya aina ile ile yaliyoujenga mji huo ndiyo yanayoyapa magari ya mashindano mshiko wao.

4. Hesabu ya kuchagua

Uwezo wa klachi hupatikana kwa kuzidisha vitu vinne: idadi ya nyuso zinazosuguana, kipimo cha msuguano, nguvu ya kubana na nusu-kipenyo cha wastani cha sahani. Tuchukue mfano wa klachi yenye nyuso 2, msuguano wa 0.3, nguvu ya kubana ya niutoni 5,000 na nusu-kipenyo cha mita 0.095. Uwezo wake ni niutoni-mita 285. Ikiwa injini hutoa 200, akiba inatosha. Injini hiyo ikifungwa turbo na kufikia 300, klachi itateleza.

Njia za kurekebisha ni kadhaa, na kila moja ina bei yake. Springi kali zaidi inayobana kwa niutoni 6,500 inaleta uwezo wa takriban 370, lakini pedali inakuwa nzito na beringi inayozuia shafti kuu ya injini isisogee hubeba mzigo mkubwa zaidi. Sahani ya shaba yenye msuguano wa 0.4 inaleta 380 bila kuzidisha uzito wa pedali, lakini hunasa ghafla na kulitikisa gari katika foleni. Sahani ya pili inaongeza nyuso kuwa 4 na kufikisha uwezo 570, ambao mfano huu hauuhitaji. Klachi isiyoteleza kamwe hupeleka kila mshtuko kwenye gia na ekseli, na sanduku la gia ni ghali kuliko sahani.

Aidha, mahali pana sauti katika hesabu hiyo. Likasi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,300, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, ilhali yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu. Kwa hiyo nambari ya katalogi haitoshi. Hata daraja zinazotangazwa na watengenezaji, la kwanza, la pili na la tatu, hazina kipimo kimoja walichokubaliana.

5. Ushahidi wa Safari

Mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, yalikuwa shule ya uchaguzi wa namna hiyo. Mwanzoni magari yalipangwa kwa bei yake dukani, na marekebisho yalibanwa sana. Mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza. Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Katika njia ambayo wengi hawakufika mwisho, ushindi ulihitaji kwanza gari linalodumu. Toyota Celica yenye turbo ilishinda kuanzia 1984 hadi 1986, wakati nguvu zilipokuwa zimeongezeka mno. Lakini hata wakati huo sharti la kwanza lilibaki kufika.

6. Hitimisho

Historia hii inamwachia fundi maswali matatu kabla ya kununua: injini inatoa nguvu gani hapa ilipo, gari litafanya kazi gani siku nyingi za wiki, na kitu gani kivunjike kwanza nguvu ikizidi. Gari linalokwenda sokoni Likasi kila asubuhi na kukimbia mara moja kwa mwezi linafaa sahani ya kawaida yenye springi iliyoongezwa kidogo. La mashindano matupu linafaa shaba. Maswali hayo yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili bila upungufu wowote. Kinachokosekana ni kamusi za ufundi zinazoweka ambreyaje na klachi ukurasa mmoja, ili mwanafunzi wa Likasi aweze kusoma kilichoandikwa Dar es Salaam, na wa Dar es Salaam aelewe ujuzi wa Katanga. Kazi hiyo ni ya idara za Kiswahili kama ilivyo ya karakana.