Saa ya simu: kwa nini Shasha inafuata Lubumbashi, si Kinshasa

Shasha, kule Masisi kwenye barabara ya Sake kwenda Minova, iko saa moja mbele ya Kinshasa. Kinshasa ikiwa 12:00, Shasha ni 13:00. Mtu akiweka simu yake kwenye "Kinshasa" kwa sababu ndiyo mji mkuu, simu inabaki nyuma saa nzima: anafika mkutano umeisha, habari za redio zimepita. Jina la kuchagua ni "Lubumbashi".

Majina hayo yanatoka kwenye daftari moja la dunia, ambalo simu na kompyuta karibu zote zinalisoma. Lilianzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980, na watu wa kujitolea wakaliendeleza. Mwaka 2011 kampuni moja ya unajimu iliwashtaki watunzaji mahakamani, likatoweka kwenye intaneti kwa siku chache. Tangu Oktoba mwaka huo linatunzwa chini ya IANA, ofisi inayoandikisha namba na majina ya kiufundi ya intaneti. Kesi iliondolewa mwaka 2012.

Goma haimo, Bukavu nayo hapana. Si dharau. Maeneo yenye saa ileile tangu 1970 yanawekwa pamoja, na kwa kawaida unachukuliwa mji wenye watu wengi zaidi. Kwa Kongo kuna majina mawili tu, Kinshasa kwa magharibi na Lubumbashi kwa mashariki. Ndani ya daftari, Lubumbashi yenyewe inaelekezwa Maputo, kule Msumbiji, maana saa ni moja. Ndiyo maana aliyechagua Kigali ao Bujumbura hapotezi hata dakika.

Serikali ndiyo inaamua saa. Daftari linaandika tu kile watu wanachofuata kweli. Shida ni muda. Sudani Kusini ilirudisha saa nyuma tarehe 1 Februari 2021, na daftari jipya lilitoka siku chache tu kabla. Simu ya zamani isiyopata programu mpya ilibaki saa moja mbele. Na simu za namna hiyo ndizo nyingi mikononi mwa watu huku kwetu.

Ukiwasha saa ya kujipanga yenyewe, mara nyingi mtandao wa simu unatoa saa sahihi. Ikikataa, ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, uchague Lubumbashi.