Dichotomy

*Dichotomy* ni neno la Kiingereza linalotaja mgawanyo mkali wa kitu kizima katika pande mbili zisizoingiliana: kila kilichomo kiko huku au kule, na hakuna kinachobaki nje. Namba nzima, kwa mfano, ni shufwa au witiri. Ya tatu haipo.

Asili yake ni Kigiriki: *dikha*, yaani kwa mafungu mawili, na *tome*, mkato. Shina hilo la kukata ndilo lililozaa pia atomu, kitu kilichodhaniwa hakikatiki. Kiingereza kililipokea neno hili karibu na mwaka 1600.

Aliyeufanya mkato huu kuwa njia ya kufikiri ni mwanafalsafa Mgiriki Plato. Katika kitabu chake *Sofista* anatafuta maana ya mvuvi wa ndoana kwa kupasua kila fungu mara mbili: ufundi ni wa kuunda au wa kupata, kupata ni kwa mapatano au kwa kukamata, hivyo hivyo mpaka afikie samaki na ndoana. Mzaha kidogo umo, lakini njia ni ya dhati. Katika *Mwanasiasa* anatoa onyo ambalo wengi hulisahau: kuwagawa wanadamu kuwa Wagiriki na washenzi ni mkato mbovu, kwa kuwa hao “washenzi” ni mataifa mengi yasiyo na chochote cha pamoja ila kutokuwa Wagiriki. Aristotle alikwenda mbali zaidi, akaikataa njia hiyo katika kuainisha wanyama. Hata hivyo, mwaka 1778 mwanabotania Lamarck aliitumia kutambulisha mimea ya Ufaransa kwa maswali ya chaguo mbilimbili, na wanafunzi wa botania bado huitumia.

Kwa wanafalaki neno hili ni mwezi unapoonekana nusu kamili. Kwa wataalamu wa mimea ni shina linalopanda na kugawanyika mawili, kisha kila tawi mawili tena, kama ulivyo mkoma wa pwani ya Afrika Mashariki.

Magazetini neno limelegea. Waandishi wa Kiingereza huliita hivyo pengo lolote kubwa, kama la matajiri na maskini, ingawa katikati wamejaa watu. Wanamantiki wana jina la kosa la kumpa mtu njia mbili tu ilhali zipo nyingine: *false dichotomy*. Wanasiasa hulipenda sana, maana asemaye “uko nasi au uko na adui” hahitaji kumjibu aliye na wazo la tatu.