Waliowahi Kuacha

Kijana mmoja wa Munuki aliniuliza swali nikakosa jibu. Ilikuwa Jumamosi, tumekaa chini ya mwarobaini uani kwa shangazi, wao saba na mimi. Nilikuwa ndiyo nimeanza kujitolea na vijana, na nilikuwa nimemaliza kuwaeleza habari ya siko na ini vile nilivyofundishwa kwenye semina. Akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini taja mtu mmoja aliyewahi kuacha. Mtu kabisa, si picha ya kwenye karatasi."

Ningeweza kusema: mimi. Sikusema. Nilikuwa na miezi mitano bila kuonja, na mtu wa miezi mitano anajua ukuta wake ni wa udongo na mvua bado inakuja. Badala yake nilienda kutafuta, na nilichokipata ndicho naandika hapa. Ni historia, ila si ya vita wala ya marais. Hizo tunazo za kutosha.

Niseme kwanza kwamba kwetu pombe haikuanza kama adui. Marisa ya mtama ilikuwa nzito kama uji. Mtu aliita majirani wamlimie shamba, jioni wakanywa pamoja, na mtungi ukiisha kila mtu anarudi kwake. Ilikuwa na mwisho. Siko ni kitu kingine. Ni ya kukenekwa, ya muhogo au mtama, nyeupe kama maji, inauzwa kwa glasi, na mwisho wake ni pale pesa zako zinapoishia.

Halafu ikaja sheria. Septemba 1983 Rais Nimeiry alitangaza sharia Sudan nzima, na huko Khartoum chupa za wiski zikamwagwa kwenye Nile watu wakiangalia. Mwaka huohuo vita vilikuwa vimeanza Kusini, na miaka iliyofuata watu wetu wengi sana walikimbilia Khartoum, mji uleule wa sheria ile. Wanawake wasio na kazi wala shamba walijua kazi moja: kupika marisa na araki. Ndio waliojaza gereza la wanawake la Omdurman. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, mara mbili, miaka ya 1990. Ukimuuliza anacheka kwanza. "Walitupiga viboko, tukatoka, tukapika tena. Watoto hawakuwa wameacha kula."

Mkataba wa amani ulipotiwa saini Januari 2005, sharia ikabaki Kaskazini. Mwaka 2009 Juba ikapata kiwanda cha bia, na bia yake ikaitwa White Bull, fahali mweupe, ili hata mfuga ng'ombe ajione ndani ya chupa. Watu walifurahi, na mimi siwalaumu. Lakini baada ya Desemba 2013, na tena baada ya Julai 2016, watu hawakuwa wanakunywa kwa furaha. Mwaka huo wa 2016 Amnesty International waliandika kwamba hospitali kuu ya Juba ilikuwa na vitanda 12 tu vya wagonjwa wa akili, na kwamba wengine waliwekwa gerezani bila kosa lolote. Mji wa watu waliolala wakisikia risasi, vitanda 12. Siko ilikuwa kila kona.

Mimi nimezaliwa Kakuma. Mama alipika busaa, na hiyo busaa ndiyo ilininunulia madaftari mpaka nikamaliza kidato cha nne. Nawaambia ninyi mnaosoma hapa kwa sababu wengi wenu mmesomeshwa hivyohivyo na hamsemi. Mwaka 2019 nikaja Juba kwa shangazi, Gudele, nikiwa na cheti na Kiswahili kizuri ambacho hakuna ofisi ilikihitaji. Nilianza kunywa na wenzangu waliorudi kama mimi, wale wanaoitwa wageni kwenye nchi yao. Baadaye nilikunywa peke yangu. Mwaka 2022 nikachukua pesa alizoweka shangazi chini ya godoro. Zilikuwa za mtihani wa sekondari wa binamu yangu, msichana. Zilinichukua siku nne. Yeye zilimchukua mwaka mzima, kwa sababu tarehe ya kulipa ilipita.

Aliyeniokota ni fundi wa magari kutoka Mombasa, ana gereji upande wa Jebel. Nilikuwa nalala kwenye lori bovu lake. Siku ya kwanza hakunihubiria, alinipa ufagio. "Dogo, ukiweza kufagia hapa kesho asubuhi, njoo. Ya kesho kutwa hatuijui." Siku ya pili nilitetemeka mpaka ufagio ukanidondoka, na yeye akanipeleka kliniki. (Hili lisikilizwe: mtu aliyezoea pombe kali akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Si jambo la kujifungia chumbani uonyeshe uanaume.)

Yeye mwenyewe alikuwa teja. Miaka tisa ya unga, kule pwani. Kwake ndiko nilikojifunza neno arosto, ile hali ya mwili kudai, mifupa kuuma, makamasi kutiririka. Na kwake ndiko nilikoanza kupata majibu ya swali la yule kijana.

Heroini iliingia pwani yetu kupitia bandari na utalii. Malindi waliumia mapema, na huko miaka ya 1990 kukaanzishwa Omari Project, mahali ambapo mtu angeweza kukaa na kupona badala ya kupigwa na wananchi. Mwaka 2009 Unguja ikafunguliwa soba hausi ya kwanza, zikafuata nyingine. Cha ajabu kwangu ni wanaoziendesha: mateja waliopona. Anayekufungulia mlango jana alifunguliwa yeye. Mnafagia, mnapika, mnakaa duara, kila mtu anasema lake, na wa siku tatu anamsikiliza wa miaka mitatu. Februari 2011 Dar es Salaam nayo ikaanza njia nyingine, hospitali ya Muhimbili: methadoni, kikombe kimoja kila siku mbele ya muuguzi, ili arosto isimburute mtu kurudi maskani. Kuna wanaosema hiyo si kuacha kweli. Fundi akisikia hivyo anakasirika. "Waliokuwa wafe wako kazini. Unataka nini zaidi?"

Nikamuuliza, huo mtindo wa kukaa duara umetoka wapi? Hakujua. Nikasoma.

Umetoka Marekani, mji wa Akron, Mei 1935. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa na miezi michache tu bila pombe, karibu kama mimi. Biashara yake ikaharibika, akabaki hotelini peke yake, na baa iko palepale. Akaenda kwenye simu, akapigia watu wa makanisa akiwaomba wamtafutie mlevi. Nilisoma hapo mara mbili. Hakuomba daktari wala mchungaji wa kumsaidia. Aliomba mlevi ambaye yeye angemsaidia. Wakamkutanisha na Robert Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilitetemeka, wakaongea masaa. Smith alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na hapo ndipo Alcoholics Anonymous wanahesabu kuzaliwa kwao.

Nilipomsimulia fundi alinyamaza, akafuta mikono kwa kitambaa cha grisi. "Unadhani nilikupa ufagio kwa sababu gereji ilikuwa chafu?" Mpaka siku hiyo nilikuwa namshukuru kila wiki kama mtu anayelipa deni. Kumbe mwaka ule nilipolala kwenye lori lake, mkewe alikuwa amefariki miezi miwili nyuma, na alikuwa ameshajua nani anauza unga hapa Juba.

Jumamosi iliyofuata nikarudi chini ya mwarobaini na majina yangu: Akron, Malindi, Unguja. Nyuma ya nyumba mapipa ya shangazi yalikuwa yanachemka kama kawaida. Tulishabishana juu ya hilo, akanijibu kwamba siku nitakayomlisha atazima moto, na sina mshahara wa kumjibu. Kijana wa Munuki akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Wote hao ni wa mbali."

Ndipo nikasema langu. Nikasema na pesa za chini ya godoro, na zilikuwa za nini. Binamu yangu alikuwa bombani anajaza jerikeni, hatua kumi kutoka tulipokaa. Maji yalijaa, yakamwagika, hakufunga bomba.

Mtihani aliufanya mwaka uliofuata. Nusu ya ada nililipa mimi kwa kazi ya gereji. Nusu ilitoka kwenye mapipa.