Ada ya Lady Shiva

Mwanzoni mwa mwaka 1991 kampuni ya DC, wakati huo ya New York, ilitoa jarida la katuni lenye jina la Robin, matoleo 5, likiandikwa na Chuck Dixon na kuchorwa na Tom Lyle. Robin wa wakati huo ni Tim Drake, wa tatu kuvaa vazi hilo, kijana ambaye bado yuko shule. Batman anamtuma Paris akajifunze kupigana kwa mzee anayeitwa Rahul Lama. Mzee anajua zaidi kutibu kuliko kuumiza, na mafunzo yanaelekea kuwa ya tiba tu. Ndipo anapotokea Lady Shiva.

Shiva anaua kwa kukodiwa, na hata asipokodiwa anatafuta mtu wa kupigana naye, kwa sababu hajapata anayemtosha. Anamchukua kijana na kumfundisha. Anamwambia achague silaha; Tim anachukua fimbo ndefu, silaha isiyo na makali wala ncha. Tangu hapo fimbo hiyo ikawa alama yake kwa miaka mingi. Wasomaji wanaipenda bila kukumbuka kwamba aliyemzoesha kuishika alikuwa muuaji.

Safari inaishia Hong Kong, kwenye jengo la King Snake, Mwingereza kipofu anayeongoza genge. Mwisho wa pambano King Snake ananing'inia nje ya dirisha, ghorofa za juu kabisa. Shiva anamwagiza mwanafunzi wake ammalize. Tim anakataa, anageuka, anaondoka. Kilichobaki Shiva anakifanya mwenyewe.

Mimi hapo ndipo ninapokwama. Kijana ameondoka na mapigo yote, fimbo yote, na mikono safi. Ada ya mwalimu ilikuwa roho ya mtu, naye hakulipa, lakini roho imetoka vilevile. Nilipoanza kuwafuata walimu wa aina hii kinyumenyume, toleo kwa toleo, swali langu lilikuwa moja: nani alianza kumweka muuaji mbele ya darasa?

Kwenye sinema za kung fu tulizokulia, zile za mabanda ya video, mpango ulikuwa mwingine. Steringi anafundishwa na babu mwenye ndevu nyeupe, babu anauawa, steringi anakwenda kulipiza kisasi. Mzee mbaya alikuwa upande wa pili. Pai Mei, yule wa nyusi nyeupe, katika Executioners from Shaolin ya Shaw Brothers ya mwaka 1977 ni adui na msaliti. Watu wanapoteza maisha wakitafuta namna ya kumpiga. Ilibidi Quentin Tarantino, Mmarekani, aje mwaka 2004 na Kill Bill ya pili ndipo Pai Mei akawa mwalimu wa steringi. Na aliyeigiza nafasi hiyo ni Gordon Liu, ambaye ujanani alipata jina kwa kuigiza vijana wa Shaolin.

Basi njia inarudi Marekani, na kila njiapanda nimemkuta mtu yuleyule: Dennis O'Neil, mzaliwa wa St. Louis mwaka 1939, mwandishi wa gazeti kabla ya kuingia kwenye katuni. Mwaka 1971, pamoja na mchoraji Neal Adams, alimleta Ra's al Ghul, adui anayemtaka Batman awe mkwe na mrithi wake. Mwaka 1974 yeye na Jim Berry waliandika riwaya ya kung fu kwa jina la bandia la Jim Dennis. Shujaa wake, Richard Dragon, ni mwizi kijana anayevamia chuo cha mzee O-Sensei huko Japani na kuishia kuwa mwanafunzi. Mwaka uliofuata DC ikaigeuza riwaya hiyo kuwa jarida, na katika toleo la 5 O'Neil na mchoraji Ric Estrada wakamtoa Shiva kwa mara ya kwanza. Hapo hakuwa mwalimu wa mtu. Alikuwa dada mwenye msiba: ndugu yake ameuawa, amedanganywa kwamba muuaji ni Dragon, na amekuja kulipiza. Akishaujua ukweli anakuwa upande wa Dragon. Ukimsoma huyo wa 1975 halafu ukamsoma wa 1991, utadhani ni watu wawili.

Katikati yao kuna dawati jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 O'Neil alikuwa kampuni ya Marvel, mhariri wa jarida la Daredevil, na ndiye aliyempa kijana Frank Miller kalamu ya kuandika hadithi alizokuwa akizichora tu. Miller mwaka 1981 akaleta Stick. Stick ni mzee kipofu anayemfundisha mtoto kipofu, Daredevil wa baadaye: matusi, fimbo, hakuna pole. Si muuaji wa kukodi kama Shiva, ila kile kichwa kigumu cha mwalimu asiyempenda mwanafunzi wake kimeanza kuonekana.

O'Neil aliporudi DC akamfufua Shiva. Katika The Question, iliyoanza 1987 na kuchorwa na Denys Cowan, Shiva anampiga mwandishi wa habari Vic Sage na kumshinda. Wenzake Shiva wanampiga hadi anakaribia kufa na kumtupa mtoni, halafu Shiva anamtoa majini na kumwelekeza kwa Richard Dragon, ambaye sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, akafundishwe. Amemwona ana hamu ya kupigana na haoni sababu hamu hiyo ipotee majini. Kwa maoni yangu huyu ndiye Shiva bora kuliko wote: haeleweki, na hadithi haijaribu kumweleza.

Kisha mambo yakaenda haraka. O'Neil sasa alikuwa mhariri wa vitabu vyote vya Batman. Robin wa Paris akatoka chini yake. Mwaka 1993 adui aitwaye Bane akamvunja Batman mgongo, na mwaka uliofuata, katika hadithi ya KnightsEnd, Bruce Wayne, yaani Batman mwenyewe, anamwendea Shiva amrudishie mwili wa mapigano. Shiva anamvalisha kinyago. Kumbe kinyago hicho yeye mwenyewe alikivaa alipomuua bwana mmoja wa mapigano asiye na mikono, na sasa mabingwa wanaotaka kulipiza kisasi wanamwandama aliyekivaa. Kila pambano ni somo, na kila pambano Shiva anangoja mwanafunzi aue. Batman anatafuta upenyo, anaupata, anaondoka amepona. Ada hajalipa, kama Robin.

Sinema ya Batman Begins ya mwaka 2005 imeipeleka hila hiyo mbali zaidi. Mwalimu, Liam Neeson, anamtaka Bruce amkate kichwa muuaji mmoja wa kijijini. Bruce anakataa kumuua mtu mmoja, halafu anachoma jengo zima na watu wakiwa ndani. Mwisho wa sinema anamwacha mwalimu wake kwenye treni inayoanguka, akisema hamuui ila halazimiki kumwokoa. Nilicheka, ingawa sidhani kama Christopher Nolan alikusudia nicheke.

Mwanafunzi pekee niliyemkuta akilipa ni msichana, Cassandra Cain, aliyeletwa mwaka 1999 na Kelley Puckett na mchoraji Damion Scott. Baba yake, David Cain, alimlea bila kumfundisha neno hata moja, ili lugha yake iwe mwili: anasoma bega na nyonga ya mtu kabla pigo halijatoka. Akiwa na miaka 8 baba akamtuma kuua, akaua, na kwa sababu anasoma miili aliona kila kitu kilichopita ndani ya yule mtu akifa. Akatoroka. Baadaye, alipopata uwezo wa kusema akapoteza ule usomaji, ni Shiva aliyejitolea kumrudishia, kwa sharti kwamba baada ya mwaka wapigane hadi mmoja afe. Siku ikafika, toleo la 25 la jarida lake, Batgirl, mwaka 2002. Shiva akamuua kweli, moyo ukasimama. Halafu akauamsha, kwa kuwa alitambua msichana alikuja akitaka kufa ili alipe deni la yule wa kwanza. Wakapigana tena, Cassandra akashinda, akamwachia Shiva uhai wake. Miaka michache baadaye wasomaji waliambiwa kwamba Shiva ndiye mama yake.

Nilidhani njia inakoma 1973, mwaka wa Bruce Lee, pale Steve Englehart na Jim Starlin walipomtengeneza Shang-Chi wa Marvel. Walitaka haki za tamthilia ya Kung Fu wakazikosa, kampuni ikawa na haki za Fu Manchu, wakaviunganisha: kijana aliyelelewa awe silaha na baba yake, jitu baya la riwaya za Mwingereza Sax Rohmer. Hofu ya Wazungu kwa Wachina ikapewa kazi ya ualimu, na ngozi ya Shang-Chi ikapakwa rangi ambayo hakuna binadamu aliyenayo.

Lakini iko njia ya nyuma zaidi. Septemba 1939 Bill Everett alichora Amazing-Man, yatima aliyelelewa Tibet na baraza la watu 7. Mtihani wake ni kuvutana kamba na tembo na kupambana na swila. Mmoja wa wale 7, aliyeitwa Great Question, alimtaka kijana kwa maovu yake mwenyewe. Miezi 2 baadaye, Novemba, Bob Kane na Bill Finger walisimulia kwa kurasa 2 jinsi Bruce Wayne alivyokuwa Batman, na humo hakuna mwalimu kabisa: chupa za maabara, chuma cha kunyanyua, basi. Nusu karne baadaye, katika The Man Who Falls ya 1989, O'Neil akaujaza mwanya huo na bwana Kirigi kwenye milima ya Korea na Ducard wa Ufaransa, msaka watu aliyebuniwa mwaka huohuo na Sam Hamm. Bruce akamwacha Ducard alipoona anavyoua. Ujuzi wa kusaka watu hakumrudishia.