Kungoja Bila Kupiga Ramli: Musa bin Maimun, Tawakali na Ukombozi

Katika karne ya 12, mfanyabiashara wa Kiyahudi aitwaye Daudi bin Maimun aliwasili Aydhab, bandari ya pwani ya Afrika katika Bahari ya Shamu, akamwandikia barua kaka yake aliyekuwa Fustat, Misri. Alimweleza kwamba yeye na mwenzake mmoja walikuwa wamelivuka jangwa peke yao, bila msafara, kwa kutoelewa ukubwa wa hatari. Hata hivyo walisalimika, ilhali watu wa misafara waliporwa na kujeruhiwa, na baadhi yao wakafa kwa kiu. Bandarini hakukuta bidhaa za maana, kwa hiyo ameazimia kupanda chombo na kuvuka hadi Bara Hindi. Akamsihi kaka yake asiingiwe na wasiwasi: Yule aliyemwokoa jangwani ndiye atakayemwokoa baharini.

Daudi alikufa maji katika Bahari ya Hindi. Barua yake, ambayo mara nyingi huhesabiwa kuwa ndiyo ya mwisho, ilihifadhika kati ya maelfu ya karatasi zilizorundikwa katika ghala la sinagogi la Fustat, na leo imo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Kaka aliyeandikiwa ni Musa bin Maimun, ambaye Ulaya humwita Maimonides, mwanasheria na mwanafalsafa mkubwa kuliko wote katika Uyahudi wa zama za kati. Mtu huyu ndiye aliyewafundisha Wayahudi wa zama zake, na wa vizazi vilivyofuata, namna ya kumtumaini Mungu na kuungojea ukombozi. Kifo cha Daudi kinalileta mbele swali ambalo mafundisho hayo hayangeweza kulikwepa: tumaini lina thamani gani pale linapotamkwa kwa moyo safi, kisha bahari ikajibu vinginevyo?

Lugha ya mjadala huo haiko mbali na masikio ya Waswahili. Neno la Kiebrania *emuna* limetoka katika shina lile lile la Kisemiti lililozaa imani, amana na amani, maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea kupitia Kiarabu. Emuna ni uthabiti kabla ya kuwa kukubali jambo kwa akili: ni kusimama imara, na kuwa mtu wa kutegemewa. Pembeni yake lipo neno *bitahon*, yaani kumtumaini Mungu katika mambo ya kila siku: riziki, safari, ugonjwa na uhai. Wayahudi wa nchi za Kiislamu, walioandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania kama vile Waswahili walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, waliliita tumaini hilo *tawakkul*. Mswahili asemaye kwamba ametawakali analitumia neno hilo hilo.

Aliyelichambua kwa kina ni Bahya ibn Paquda, kadhi wa Kiyahudi wa Andalusia katika karne ya 11. Kitabu chake juu ya faradhi za nyoyo, kilichotungwa kwa Kiarabu na kuanza kufasiriwa kwa Kiebrania na Judah ibn Tibbon mwaka 1161, kina milango kumi, na mlango wa nne wote ni wa tawakali. Mafunzo ya masufii wa Kiislamu yanaonekana waziwazi katika kurasa zake, na mwandishi haoni haya kujifunza kwa wenye hekima wa mataifa mengine. Humo anamsimulia mchamungu mmoja aliyesafiri nchi ya mbali kutafuta riziki. Alipofika akamlaumu mtu asiyekuwa wa dini yake kwa upofu wa ibada zake, akamsifia Mungu wake mwenye uwezo na mwenye kuruzuku. Mtu yule akamjibu kwamba matendo yake yanayakanusha maneno yake: kama Mungu huyo huruzuku, angemruzuku kwao bila kumhangaisha safari yote hiyo. Mchamungu akarudi kwao, wala hakusafiri tena.

Hata hivyo Bahya hafundishi uvivu. Anashikilia kwamba binadamu ameamriwa kushughulika na sababu za riziki yake, kila mtu kwa kazi inayolingana na maumbile yake, na kwamba anayejitia hatarini makusudi huku akidai kuwa siku zake zimeshaandikwa ni mkosaji. Kinachokatazwa ni moyo kuigeuza sababu kuwa mungu. Mkulima alime, mfanyabiashara auze, mgonjwa atafute dawa, lakini pasiwepo hata mmoja anayeamini kwamba jembe, mizani au dawa ndiyo iliyompa. Fundisho hili linamhusu mtu mmoja na maisha yake. Swali likawa zito zaidi lilipohusu umma mzima.

Musa bin Maimun aliyajua mateso ya umma huo tangu utotoni. Alizaliwa Cordoba mwaka 1138. Alipokuwa na umri wa miaka 10 mji ulitekwa na watawala wa Almohad, ambao hawakuwavumilia wasiokuwa Waislamu. Familia yake ikatangatanga, ikakaa Fez, ikapita Acre mwaka 1165, na hatimaye ikatulia Misri. Mwaka 1172, au karibu na hapo, ilimfikia barua kutoka Yemeni, kwa Yaakobo bin Nathanaeli al-Fayyumi. Mtawala wa huko, Abd al-Nabi ibn Mahdi, alikuwa akiwalazimisha Wayahudi kuiacha dini yao. Katikati ya kiwewe hicho alizuka mtu aliyetangaza kwamba zama za Masihi zimewadia, na wengi wakamfuata. Wengine walipiga hesabu kwa nyota ili wajue mwaka wa ukombozi.

Jibu la Musa linajulikana kama Risala ya Yemeni. Aliliandika kwa Kiarabu ili kila mtu alielewe, wakiwemo wanawake na watoto, akaagiza linakiliwe na kusomwa mbele ya watu. Aliwafariji kwa historia: falme nyingi zimejaribu kuifuta dini yao, kwa upanga au kwa hoja, na falme hizo zimepita. Kuhusu mtu yule wa Yemeni alisema wazi kwamba hana sifa za Masihi, akashauri afungwe kama mwenda wazimu, ili yeye mwenyewe na jamii yake waokolewe na ghadhabu ya watawala. Kuhusu hesabu za nyota na za miaka aliwakumbusha kwamba wahenga wa Talmudi waliwalaani wanaopiga hesabu za mwisho, kwa sababu tarehe ikipita bila kutokea jambo, watu hupoteza imani yote.

Katika risala hiyo hiyo, lakini, Musa anafanya jambo linalowatatiza wasomaji wake mpaka leo. Anamtetea Saadia Gaon, mwanachuoni wa karne ya 10 aliyewahi kuukadiria mwaka wa ukombozi, kwa kusema kwamba Saadia alikusudia kuitia nguvu mioyo ya watu wa zama zake. Kisha yeye mwenyewe anataja pokeo la ukoo wake kwamba unabii utarejea kwa Israeli mwaka fulani, ambao kwa hesabu ya kalenda ya kisasa unaangukia mwanzoni mwa karne ya 13. Mwenye kukataza ramli akawa ameichungulia. Inawezekana kabisa kwamba alilazimika kuwapa watu waliokuwa wakizama kitu cha kushika, kama alivyofanya Saadia. Kwa vyovyote, tarehe hiyo inaonyesha jinsi ilivyo vigumu kumwambia mtu aliye chini ya upanga angoje bila kumwambia hadi lini.

Miaka mingi baadaye, akiwaandikia wanachuoni wa kusini mwa Ufaransa, Musa alisimulia mwisho wa yule mtu wa Yemeni. Alikamatwa, na mfalme akamtaka ishara ya ukweli wake. Akajibu kwamba akatwe kichwa, naye atafufuka. Akakatwa. Walikuwepo waliobaki wakimngoja ainuke kaburini.

Katika kazi zake za sheria Musa hakutoa tarehe yoyote. Tayari mwaka 1168, alipokamilisha sherehe yake ya Mishna, alikuwa ameweka misingi 13 ya imani, na wa kumi na mbili ni kuamini ujio wa Masihi, kumngoja hata akikawia, na kutomwekea wakati. Karibu mwaka 1178 alimaliza kitabu kikuu cha sheria, Mishneh Torah, na akakihitimisha kwa sura mbili juu ya jambo hilo. Humo Masihi hatakiwi kufanya miujiza wala kufufua wafu. Kielelezo chake ni vita vya miaka ya 132 hadi 135 dhidi ya Roma: Rabi Akiva, mwanachuoni asiye na mfano, alimdhania Bar Kokhba kuwa ndiye mfalme aliyengojewa, na wala hakumdai ishara. Bar Kokhba alipouawa ikajulikana kwamba siye. Mtu hupimwa kwa anayoyatimiza. Na zama zenyewe zikija, dunia itaendelea kwa desturi yake. Kitakachokoma ni utumwa chini ya falme za wengine, ili watu wapate nafasi ya kumjua Mungu.

Kwa hiyo tawakali ya Bahya na ukombozi wa Musa vimefungamana. Mfanyabiashara wa Bahya hufanya kazi bila kuyadai matokeo, na umma wa Musa hungoja bila kuidai siku. Kote kuwili tumaini hupotoka pale linapogeuka kuwa ubashiri. Aliyeahidi kufufuka baada ya kukatwa kichwa alikuwa na yakini kubwa kuliko Musa, na yakini hiyo ikamgeuza kuwa hatari kwa watu wake.

Lakini je, Daudi naye hakubashiri, alipoandika kwamba aliyemwokoa jangwani atamwokoa baharini? Musa hakuacha maandishi ya kumhukumu ndugu yake. Aliacha barua nyingine, aliyomwandikia kadhi mmoja wa Acre miaka minane baada ya msiba. Anasema kwamba zilizama pamoja na Daudi mali zake mwenyewe, za ndugu yake na za watu wengine, na kwamba ameachiwa mjane na mtoto wa kike. Alipopata habari aliugua, akalala kitandani karibu mwaka mzima. Hakupata faraja hata sasa, na kama si Taurati na elimu zilizomshughulisha, angeangamia kwa huzuni. Kila akiuona mwandiko wa Daudi, moyo wake hupinduka.

Barua hiyo haimlaumu Mungu, wala haidai kuijua hekima iliyofichika ndani ya mawimbi. Mwandishi wake alirudi kwenye sababu, kama Bahya alivyoagiza: akaishi kwa utabibu, akaitunza familia aliyoachiwa, akaendelea kuandika. Subira huvuta heri, husema Waswahili, lakini methali haitaji ni lini. Musa alifariki mwaka 1204, akiwa bado anangoja, kabla ya mwaka ambao pokeo la ukoo wake lilikuwa limeutaja.