Kipambanuzi, Si Kibadilishi

Miezi michache iliyopita nilikabidhiwa kijitabu cha istilahi za kompyuta, chapa safi, jalada la kupendeza. Katika ukurasa wa vifaa vya mtandao nikakutana na neno "kibadilishi". Wamelifanya jina la kile kisanduku chenye matundu matano au manane ambacho mafundi wetu hukiita swichi. Nililisoma mara mbili, nikakifunga kijitabu. Kinabadilisha nini?

Tuanze na kitenzi. Kubadilisha ni kutoa hiki na kuweka kile: mtu hubadilisha nguo, hubadilisha fedha dirishani. Kisanduku chetu hakifanyi hivyo. Data iingiayo ndiyo hiyo hiyo itokayo. Kazi yake ni kusoma anwani ya kompyuta inayopelekewa, kukumbuka iko tundu lipi, na kuipitisha data huko peke yake. Waliotunga "kibadilishi" hawakukitazama kifaa. Walilitazama neno la Kiingereza. Nalo lilianza kwa maana ya ufito mwembamba, likahamia kwenye reli, ndipo likafika kwenye umeme. Safari hiyo ni ya Waingereza; sisi hatulazimiki kuifuata.

Mafundi wanaosema swichi siwalaumu. Ila swichi tunayo ukutani, ya kuwasha na kuzima taa, na jina moja kwa vitu viwili ndani ya nyumba moja ni uzembe wa wasomi.

Neno ninalolitetea ni kipambanuzi. Pambana ni vitu viwili kukutana uso kwa uso na kugongana. Kiswahili kikitaka kutendua jambo huingiza u: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Kwa njia hiyo pambana imezaa pambanua, yaani kuvitenga vilivyogongana au kuchanganyika hadi kila kimoja kijulikane. Ongeza ki- ya ala na mwisho wa -zi, kama kokotoa ilivyotupa kikokotozi, na neno limekamilika bila kukopa hata herufi.

Sasa historia ya kifaa chenyewe. Robert Metcalfe na David Boggs walipoanza kuunda mtandao wa Ethernet katika maabara ya Xerox, California, mwaka 1973, kompyuta zote ziligawana waya mmoja. Mbili zikituma kwa wakati mmoja, data iligongana, zikalazimika kunyamaza na kurudia. Kitovu kilichofuata, yaani hub kwa Kiingereza, kilirithi ugonjwa huo, kwa kuwa kinachoingia tundu moja hukitoa matundu mengine yote. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ikaleta sokoni kisanduku kinachoipa kila kompyuta njia yake. Kwenye kitovu data hupambana. Kwenye kisanduku hiki hupambanuliwa. Jozi hiyo lugha yetu ilikuwa nayo kabla Metcalfe hajazaliwa.

Haya yote niliyaandika kwa barua kwa kamati ya istilahi hizo. Sikujibiwa. Baadaye, katika warsha, mwanakamati mmoja alisimama akasema neno langu ni refu mno kwa matumizi ya kila siku. Ki-pa-mba-nu-zi: silabi tano. Ki-ba-di-li-shi: silabi tano. Nilizihesabu kwa vidole mbele ya hadhira, na ninazihesabu tena hapa, kwa sababu hoja yake iliingia katika kumbukumbu za kikao na hesabu yangu haikuingia.

Kuhusu matumizi, nitasema kwa ufupi. Mwenye kompyuta mbili nyumbani na fedha kidogo hahitaji kipambanuzi: waya mmoja wa Cat5e, usiozidi mita 100, ukichomekwa huku na huku unatosha, kwani mashine za kisasa hupanga zenyewe upande wa kutuma na wa kupokea. Akiongeza ya tatu, aangalie kwanza kama ruta yake ina matundu ya ziada mgongoni. Yakikosekana, anunue kipambanuzi cha matundu matano.

Dukani aseme swichi, ahudumiwe. Lakini nyumbani, mwanawe akimuuliza kisanduku kile kinafanya nini, jibu limo ndani ya jina: kinapambanua. Kibadilishi kingemwachia mtoto swali lile lile nililobaki nalo mimi nilipokifunga kijitabu.