Asili ya Mwaka Gani?

Kiangazi kikishika, kutembea kandokando ya mabonde ya Malagarasi, upande wa Kasulu na Kibondo, hakuhitaji ushujaa. Maji yamepungua, matope yamekauka, mafunjo yamesimama mbali kidogo na njia. Kinachonishangaza ni ukimya. Wageni huliita pori lisiloguswa. Mimi ninayesoma historia nashindwa kuliita hivyo.

Kuanzia 1933 serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwahamisha Waha wengi kutoka kaya zao zilizotawanyika, ikawakusanya kwenye makazi maalumu. Sababu ilikuwa malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Watu wakikaa pamoja na kufyeka vichaka, ilidhaniwa, mbung'o watakosa pa kujificha. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na uliua. Lakini mashamba yaliyoachwa nyuma yaligeuka vichaka, wanyama wakayarithi, na mbung'o pamoja nao. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikahamisha watu tena, safari hii kwenye vijiji vya ujamaa.

Mwaka 2000 Malagarasi-Muyovozi ikawa ardhioevu ya kwanza ya Tanzania kuingia kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar: hekta 3,250,000. Nafurahi. Korongo-nyangumi anahitaji pa kuishi, na mto unahitaji mafunjo yanayochuja maji kabla hayajafika Ziwa Tanganyika. Ila tunaposema ardhi hii irudishiwe asili yake, tutaje ni asili ya mwaka gani. Pembezoni mwake, kabla ya 1933, kulikuwa na mashamba, na waliolima walikuwa na majina.